Redio ya mkononi ndani ya mashua: namna ya kuita na kusikika

Kati ya Kilindoni na Nyamisati kuna takriban kilomita 40 za maji. Abiria, samaki, saruji, mbuzi na wanafunzi warejeao shuleni huvuka njia hiyo katika kaskazi na katika kusi. Mashua inapozimikiwa injini katikati ya safari, jambo la kwanza ambalo nahodha hufanya mara nyingi ni kutoa simu mfukoni na kutazama iwapo mtandao upo. Ukikosekana, huinua simu juu, huizima na kuiwasha tena, na dakika zinapita huku chombo kikichukuliwa na mkondo. Wakati huohuo huenda kuna mashua nyingine kilomita sita tu kutoka hapo, yenye injini nzima na nahodha aliye tayari kusaidia, lakini hana habari.

Somo hili linahusu kifaa kiwezacho kumfikia nahodha huyo wa pili, yaani redio ya upepo ya mkononi iliyotengenezwa kwa matumizi ya baharini, ifanyayo kazi katika masafa ya VHF. Baadhi ya manahodha wa boti za abiria na za watalii tayari wanayo, na wavuvi nao wameanza kuulizia. Tatizo ni kwamba wengi wanaoipata huitegemea kwa mambo isiyoyaweza, na kuiacha ndani ya boksi pale ambapo ingewasaidia.

Simu humwita mtu mmoja, redio huita wote

Simu ya mkononi hutegemea mnara wa nchi kavu, na hata ikipata mtandao humfikia mtu mmoja ambaye namba yake inajulikana. Mtu huyo huenda amelala, au yuko shambani, au hana boti. Redio ya baharini haihitaji mnara wala salio. Anayebonyeza kitufe na kusema husikika na kila chombo kilicho karibu ambacho redio yake imewashwa katika chaneli hiyohiyo, awe anamfahamu au hamfahamu. Baharini, msaada wa haraka zaidi kwa kawaida ni ule ulio karibu zaidi, na aliye karibu zaidi mara nyingi ni mtu asiyejulikana.

Kuna faida ya pili isiyotajwa sana. Waokoaji wanapofika eneo la tukio wanaweza kuzungumza moja kwa moja na walio hatarini na kuongozwa: "Tunawaona, geuzeni kulia, tupo upande wa jua." Kichwa cha mtu au mashua iliyolala ubavu haionekani kirahisi katikati ya mawimbi yenye povu, hata kwa umbali wa mita mia chache. Aidha, baadhi ya vyombo vya uokoaji vina vifaa vinavyotambua upande ambao sauti ya redio inatokea.

Hata hivyo, mtu asiache simu nyumbani kwa sababu amepata redio. Karibu na pwani, mahali penye mtandao, kupiga 112 ni njia nzuri, na simu iliyo ndani ya mfuko usiopitisha maji ni akiba ya maana. Wala redio si mbadala wa jaketi okozi. Redio huleta watu, na hadi watu hao wafike, kinachomweka mtu hai ni jaketi.

Sauti inafika wapi

Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Muuzaji humwambia mnunuzi kwamba redio hii inafika kilomita 30 au zaidi, na mnunuzi huamini kwamba akiwa katikati ya mlango bahari wa Mafia atazungumza na jamaa aliyesimama pwani. Haitakuwa hivyo, na sababu yake haitokani na ubovu wa redio.

Mawimbi ya VHF husafiri karibu sawa na macho yanavyoona, yaani kwa mstari ulionyooka. Dunia ni mviringo, hivyo bahari yenyewe hujikunja na kuficha kilicho mbali. Ndiyo maana baharia aliyepanda mlingotini huona nchi kavu kabla ya aliyekaa kwenye sitaha. Kinachoamua umbali wa redio, kwa hiyo, ni kimo cha antena kutoka usawa wa maji kuliko nguvu ya betri.

Hesabu yake inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1. Jibu ni kilomita ambazo antena hiyo "inaona" juu ya bahari. Nahodha aliyekaa ndani ya mashua ameshika redio usawa wa mita moja na nusu juu ya maji, kwa hiyo redio yake inaona takriban kilomita 5. Mwenzake katika mashua nyingine naye anaona kilomita 5. Jumlisha pande mbili: kilomita 10. Huo ndio mwisho wa nadharia kati ya mashua mbili ndogo. Kwa vitendo, mawimbi ya bahari, mwili wa mshikaji na betri iliyochoka huupunguza, na ni salama zaidi kuhesabu kilomita 5 hadi 9.

Jamaa aliyesimama ufukweni na redio ya aina hiyohiyo hana nafuu yoyote, kwani naye ameishika usawa uleule. Mashua ikishapita kilomita 10 kutoka Kilindoni, haimsikii na yeye haisikii. Mambo hubadilika antena ya nchi kavu inapopandishwa. Antena iliyowekwa kwenye mlingoti wa mita 16, ambao ni kimo cha mnazi wa kawaida, huona kilomita 16 hivi. Ukiongeza zile 5 za mashua unapata kilomita 21, na katikati ya Kilindoni na Nyamisati ni kama kilomita 20. Kwa maneno mengine, milingoti miwili yenye kimo cha mnazi, mmoja kila upande, pamoja na mtu anayesikiliza chini ya kila mmoja, ingekaribia kuifunika njia yote. Bila milingoti hiyo kuna sehemu pana katikati ambako redio za mkononi zinaweza kuitana zenyewe kwa zenyewe tu. Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi na wamiliki wa boti wanaofikiria kuchanga fedha za redio wangefanya vyema kuipitia hesabu hii kabla ya kwenda dukani. Redio kumi za mkononi zisizo na msikilizaji aliye juu zinaweza kuwa na faida ndogo kuliko redio sita na antena moja ndefu.

Meli kubwa nazo zina nafasi yao. Antena ya meli ikiwa mita 25 juu ya maji, redio ya mkononi iliyo ndani ya mashua inaweza kuifikia kwa kilomita 25 hivi, na meli hizo hutakiwa kusikiliza chaneli ya wito wa hatari. Ila njia za meli hazipiti kila mahali ambapo wavuvi wapo.

Hesabu hiyohiyo inatoa funzo jingine, zito zaidi. Mtu aliyekwisha kuingia majini, ameinua redio nusu mita tu juu ya maji, anaona chini ya kilomita 3. Amepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kuita. Ndiyo maana wito hutolewa mapema, chombo kikiwa bado kinaelea na mwitaji bado yuko juu. Manahodha wengi huona haya kuita wakati injini imezimika tu na maji hayajaanza kuingia. Haya hiyo haina msingi, kwani kuna wito maalumu kwa hali ya namna hiyo, utakaoelezwa mbele kidogo.

Redio ipi

Si kila redio ya mkononi ni ya baharini. Redio zitumiwazo na walinzi, mafundi wa ujenzi na waongozaji wa sherehe hufanya kazi katika masafa mengine, na meli haiwezi kuzisikia hata ikiwa mita mia mbili kutoka hapo. Zipo pia redio za bei nafuu ambazo fundi anaweza kuziingizia masafa yoyote, yakiwemo ya baharini. Husikika, lakini nyingi hazikutengenezwa kwa ajili ya maji, na tone la maji ya chumvi likiingia ndani kazi imekwisha.

Redio ya baharini huwa imeandikwa kiwango chake cha kuzuia maji. Alama ya IPX7 maana yake inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 bila kuharibika. Ni vyema pia ikawa ni ile inayoelea, kwa kuwa redio iliyozama mita kumi haina tofauti na jiwe. Nguvu yake ya juu huwa wati 5 au 6, na huwa na swichi ya kuipunguza hadi wati 1. Baadhi ya redio mpya zina kipokezi cha GPS na kitufe chekundu kilichofunikwa. Kitufe hicho kikishikiliwa kwa sekunde kadhaa hutuma wito wa hatari wa kidijitali pamoja na mahali chombo kilipo, kupitia chaneli 70. Ili kifanye kazi ipasavyo, redio lazima iwe imeingizwa namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa, ambayo hutolewa na mamlaka na haibuniwi. Chaneli 70 ni ya mawasiliano hayo ya kidijitali pekee, hivyo haizungumzwi kwa sauti.

Kushika, kubonyeza, kusikiliza

Redio hushikwa wima, antena ikielekea juu, umbali wa sentimita chache kutoka mdomoni. Antena iliyolazwa hupunguza umbali wa sauti, na mdomo uliogusa kipaza sauti hutoa mvumo usioeleweka. Kunapokuwa na upepo, mgongo uelekezwe upande upepo unakotoka. Kitufe cha kusemea hubonyezwa, mtu anangoja sekunde moja, kisha anasema. Asiyengoja hukatwa neno lake la kwanza. Kupiga kelele hakuongezi umbali hata kidogo, bali huharibu matamshi.

Kosa la kawaida kwa aliyezoea simu ni kusahau kuachia kitufe. Kikiwa kimebonyezwa, redio haisikii chochote. Mtu anaweza kuomba msaada kwa dakika tano mfululizo bila kujua kwamba alishajibiwa mara tatu, na kibaya zaidi, kitufe kilichokandamizwa huwazuia wengine wote katika chaneli hiyo kuzungumza. Kitufe kilichobanwa na kamba au boksi la barafu pasipo mtu kujua kimewahi kuziba chaneli katika bahari nyingi duniani.

Redio pia huwa na kirekebishi cha kuzuia mvumo. Kikikazwa mno, sauti za mbali na dhaifu hazitasikika kabisa na mtumiaji atadhani bahari iko kimya. Njia sahihi ni kukilegeza mpaka mvumo usikike, kisha kukikaza kidogo mpaka unyamaze, na kuishia hapo.

Jambo moja dogo ambalo manahodha wanaotumia dira wangependa kulijua: spika ya redio ina sumaku ndani yake. Redio iliyowekwa ubavuni mwa dira huivuta sindano, na usiku nahodha anaweza kuelekea kusikokusudiwa akiamini dira yake.

Chaneli 16 ndiyo ya wito na hatari duniani kote, katika masafa ya megahezi 156.8. Husikilizwa wakati wote, lakini haifanywi baraza. Anayetaka kuzungumza na mwenzake humwita kwa ufupi katika chaneli 16, kisha wote wawili huhamia chaneli nyingine ya chombo kwa chombo, kama vile 72 au 77. Habari za bei ya pweza, salamu za nyumbani na mzaha vyote ni vya huko. Majaribio ya redio nayo hufanywa huko pamoja na mwenzako kabla ya kung'oa nanga: "Je, unanisikia? Ova." Neno "ova" humjulisha mwenzako kwamba umemaliza na sasa unangoja jibu.

Maneno ya wito

Neno la hatari ni MAYDAY, linalotamkwa "meidei". Asili yake ni maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidie", nalo hueleweka kwa mabaharia wa lugha zote. Hutumika pale tu ambapo chombo au maisha ya mtu yamo katika hatari kubwa inayohitaji msaada wa papo hapo: chombo kinazama, kinaungua, au mtu ameanguka majini na hapatikani. Kwa hali ya dharura ambayo bado haijafika huko, kama injini iliyozimika katika bahari iliyotulia au mgonjwa anayehitaji ushauri, wito ni PAN-PAN, hutamkwa "pan pan", mara tatu. Huu ndio wito ambao nahodha mwenye haya anapaswa kuujua. Hautangazi msiba, ila huwafahamisha waliopo jirani kwamba kuna chombo chenye shida, ili wakae tayari.

Ujumbe wa hatari hufuata mpangilio maalumu, na mpangilio huo una maana. Betri ikifa katikati ya maneno, yale muhimu zaidi yawe yamekwisha kusemwa. Kwa mfano, mashua iitwayo Tumaini:

"MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY. Hapa ni mashua Tumaini, Tumaini, Tumaini. MAYDAY, Tumaini. Tupo magharibi ya Kilindoni, kilomita kumi na moja. Maji yanaingia, injini imezimika. Tunahitaji kuokolewa sasa hivi. Tupo watu kumi na wanne, watoto ni watatu. Mashua ni nyeupe, ina ukanda wa buluu. Wote wamevaa maboya. Ova."

Kisha kitufe huachiwa na sikio hutegwa. Ikiwa hakuna jibu, ujumbe hurudiwa, na swichi ya nguvu huhakikishwa kuwa iko kwenye wati za juu. Ujumbe kwa Kiswahili unafaa kabisa katika pwani hii, kwa kuwa watakaosikia kwanza ni Waswahili. Iwapo meli ya kigeni itaitikia, neno MAYDAY, jina la mahali na tarakimu zilizosomwa moja moja taratibu zitaeleweka zaidi kuliko sentensi ndefu.

Idadi ya watu isiachwe. Waokoaji wasioijua hawawezi kufahamu wakati wa kusitisha utafutaji. Wakiokoa kumi na mmoja kati ya kumi na wanne, bila idadi wangeweza kugeuza na kurudi nyumbani.

Mahali mlipo

Mahali husemwa kabla ya maelezo ya tatizo, kwa sababu mwokoaji anayejua mahali lakini hajui tatizo bado anaweza kuondoka gatini. Kuna namna mbili za kusema. Ya kwanza ni upande na umbali kutoka mahali panapojulikana, kama katika mfano wa Tumaini. Hapa tahadhari ni moja: upande unaosemwa ni ule ambao chombo kipo ukitazama kutoka mahali hapo. "Magharibi ya Kilindoni" maana yake ukitoka Kilindoni uende magharibi. Nahodha aliyechanganyikiwa hutazama kisiwa akakiona mashariki kwake na kusema "mashariki", na boti ya uokoaji ikaanza kuzunguka kisiwa kwenda upande wa pili.

Namna ya pili ni tarakimu za GPS, na humo mna mtego ambao hata wasomi hunasa. Tarakimu hizo huandikwa kwa mitindo tofauti. Kifaa cha baharini kwa kawaida huonyesha nyuzi na dakika, ilhali simu nyingi huonyesha nyuzi na desimali. Kilindoni ipo karibu na nyuzi 7 na dakika 55 kusini mwa ikweta. Mtu akisema "saba nukta hamsini na tano", anayeandika upande wa pili ataweka 7.55, na kwa kuwa uzi mmoja una dakika 60, hiyo ni nyuzi 7 na dakika 33. Tofauti ni dakika 22, ambayo baharini ni zaidi ya kilomita 40. Kwa hiyo neno "dakika" litamkwe waziwazi pale tarakimu zinapokuwa za dakika, na neno "nukta" litumike pale zinapokuwa za desimali. Nahodha ajue mtindo wa kifaa chake angali gatini.

Tena, mahali ni pamoja na saa. Chombo kisicho na injini hakibaki kilipo. Kusi linapovuma na mkondo wa pwani ukielekea kaskazini, mashua inayosogea kwa mwendo wa fundo mbili tu huwa imehama karibu kilomita 4 kwa saa moja. Ujumbe wa pili uwe na mahali papya. Pale ambapo kina na bahari vinaruhusu, nanga iteremshwe ili msaada uwakute mlipotajwa.

Ukisikia mwingine anaita

Kutokana na ufupi wa umbali wa redio za mkononi, mashua iliyopo katikati inaweza kuwa ndiyo pekee iliyosikia. Anayesikia MAYDAY hunyamaza, huandika au hukariri alichosikia, na hungoja kidogo ili kituo cha nchi kavu au meli ijibu. Kusipokuwa na jibu, hujibu yeye, akitaja jina la chombo kilicho hatarini na la kwake, na kusema kwamba ujumbe umepokelewa. Kisha huupeleka mbele: "MAYDAY RELAY" mara tatu, hutamkwa "meidei rilei", jina la chombo chake, halafu ujumbe mzima kama ulivyosikika, pamoja na mahali na idadi ya watu. Maneno hayo mawili ya mwanzo huwaeleza wasikilizaji kwamba anayesema si yeye anayezama. Akikosa jibu redioni na ana mtandao wa simu, hupiga 112. Taarifa hizo hufikishwa kwa Polisi Wanamaji na kwa Kituo cha Kuratibu Utafutaji na Uokoaji kilichopo Dar es Salaam chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Kwa njia hii sauti iliyokuwa na uwezo wa kilomita 8 huvuka 40, ikipokezanwa.

Nahodha yeyote anayefunga redio yake kwenye mfuko wa plastiki ikiwa imezimwa, "ili betri isiishe", amejitoa katika mnyororo huo. Kusikiliza hutumia umeme kidogo sana. Kinachokula betri ni kusema, hasa kwa wati 5. Mazungumzo na chombo kilicho jirani yafanyike kwa wati 1, na zile za juu zihifadhiwe kwa wito wa mbali na wa hatari.

Mahali pa redio, na chumvi

Redio hufungwa kwa kamba kwenye jaketi okozi la mtu, si kwenye chombo. Mashua hupinduka kwa sekunde chache, na kilichokuwa ndani ya kasha au chini ya kiti cha nahodha hubaki huko. Mtu wa pili ndani ya chombo, awe baharia au abiria wa kawaida, aonyeshwe kabla ya safari namna ya kuiwasha, kuweka chaneli 16 na kubonyeza kitufe, kwani anayeanguka majini anaweza kuwa nahodha mwenyewe. Maelezo hayo hayachukui dakika tatu. Maneno ya wito yakiandikwa kwenye kipande cha ubao kwa rangi isiyofutika na kupigiliwa karibu na usukani, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuyasoma.

Baada ya safari redio husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kifuniko cha soketi ya kuchajia kikiwa kimefungwa barabara, kisha hukaushwa kwa kitambaa na kuachwa kivulini. Haichajiwi ikiwa imelowa. Haiachwi juani juu ya sitaha, kwa sababu joto huchosha betri za lithiamu, wala betri haibadilishwi karibu na dumu la petroli lililo wazi. Mpira wa kuzuia maji unaozunguka betri ukaguliwe mara kwa mara, kwani unywele mmoja au chembe ya mchanga hutosha kupitisha maji. Redio ambazo zina kasha la akiba la betri za kawaida zinafaa sana kwa visiwa kama Jibondo na Juani, ambako umeme si wa kutegemewa kila siku.

Kibali

Masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na redio ya chombo cha majini huhitaji leseni yake. Usalama wa vyombo upo chini ya TASAC. Anayetaka kujifunza kwa kina mawasiliano ya hatari baharini anaweza kuulizia mafunzo katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Taratibu za kimataifa, hata hivyo, hazimzuii mtu aliye katika hatari kutumia njia yoyote aliyonayo kuomba msaada, hivyo abiria asiye na cheti asisite kubonyeza kitufe ikiwa nahodha ameshindwa.

Wito wa hatari wa uongo ni kosa, na huweza kuipeleka boti ya uokoaji upande mmoja wakati watu wanazama upande mwingine. Aliyetuma kwa bahati mbaya, kwa mfano mtoto aliyechezea kitufe chekundu, hatakiwi kuzima redio na kujificha. Huingia chaneli 16, hutaja jina la chombo chake na mahali kilipo, na kusema wazi kwamba wito uliotumwa saa fulani umetumwa kimakosa na unafutwa. Kisha hubaki kusikiliza, kwani huenda kuna mtu aliyekwisha kung'oa nanga kumfuata.